Kilwa kwa Ndege Ndogo: Swichi Iliyonifungia Nje

Wengine waume zao wana wapenzi wa pembeni. Wangu ana ndege.

Si utani, msomaji. Kwenye banda la uani kwetu, pale ambapo watu wengine wanafuga kuku wa mayai, kuna ndege ya viti viwili ambayo baba watoto anaijenga kwa mikono yake. Ilikuja ndani ya makasha, vipande vipande vya bati la alumini, na kitabu cha maelekezo kinene kuliko msahafu. Amegonga riveti kuanzia bawa la kwanza mpaka mkia. Jumapili nilizopoteza kwa ajili ya hiyo ndege siwezi kuzihesabu.

Aliyemtia wazimu zaidi ni vijana wa Afrika Kusini. Mwaka 2019 wanafunzi wapatao 20 waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa muda wa wiki tatu, kisha wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipita Tanzania na kutua Zanzibar. Aliposoma habari ile aliniita kutoka jikoni. "Mama watoto, njoo uone. Watoto wa shule!" Tangu siku hiyo ahadi ikawa moja: ndege ikiisha, safari ya kwanza ya kweli ni mimi na yeye, Dar mpaka Kilwa, ambako bibi yangu mzaa mama alizaliwa.

Sasa ndege imekaribia kuisha. Kilichobaki ni dashibodi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Siku moja niliona orodha yake ya manunuzi mezani. Skrini mbili kubwa za kisasa. Redio nzuri. Hedseti moja ya bei mbaya, ile inayozima makelele ya injini kwa umeme. Halafu chini kabisa, kwa kalamu ya risasi: "hedseti ya abiria, ile ya zamani." Intakomu, yaani kile chombo kinachowawezesha watu wa ndani ya ndege kuongea wao kwa wao, aliandika "yoyote ya bei poa".

Nikamuuliza, "Abiria ni nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "We si utakuwa umekaa tu, mke wangu? Mimi ndo naongea na waongozaji."

Sikumjibu. Sikuwa na jibu. Jibu nilikuja kulipata angani, kusini mwa Rufiji.

Kimya cha kiti cha nyuma

Rafiki yake, rubani mwenye uzoefu, alikuwa na safari ya kupeleka ndege Kilwa Masoko na kurudi kesho yake. Cessna ya viti vinne. Akatualika. "Shemeji, twende ukaonje kabla jamaa hajamaliza ya kwake."

Walikaa wao wawili mbele, mimi nyuma na mabegi. Tukavaa hedseti. "Shemeji, unanisikia?" "Nakusikia vizuri." Tukapaa. Dar ikawa chini yetu, mabati yanameremeta, Kigamboni, kisha pwani ndefu ya mikoko na michanga. Mimi nikiona kitu huwa sinyamazi: oneni ile, oneni hii. Baada ya muda nikagundua hakuna anayenijibu. Naisikia sauti yangu tu masikioni.

Nikadhani wako bize. Nikajituliza kwa dirisha.

Na dirisha lile, jamani! Kama hujawahi kuiona delta ya Rufiji kutoka juu, bado hujaiona. Mto unafika baharini kisha unagoma kuingia kwa mlango mmoja, unatawanyika kama vidole vya mkono, na katikati ya vidole ni kijani cha mikoko, msitu wa mikoko ulio miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika Mashariki. Kushoto, mbali, Mafia imelala ndani ya maji ya buluu. Mbele naona midomo ya wanaume wawili inacheza, mabega yanatikisika kwa kicheko, kidole cha rubani kinaonyesha mtoni. Hadithi fulani tamu inasimuliwa. Mimi siimo.

Halafu ikaanza. Ga-ga-ga-ga-ga! Kishindo cha chuma juu ya bati, upande wa kulia, kama mtu anagonga ndege na nyundo kutoka nje. Moyo ukaniruka. Nikawaona mbele wamekaa wima. Rubani akaanza kuangalia saa za injini moja baada ya nyingine. Mume wangu akageuza shingo huku na huku.

Nikaegemea dirishani. Na nikaona.

Mkanda wa begi la mume wangu ulikuwa umebanwa na mlango wa mbele. Kipande kirefu kilikuwa nje, kinapepea kwenye upepo, na bakoli yake ya chuma inapiga ubavu wa ndege bila kupumzika. Basi. Hicho tu. Yeye pale alipokaa hakuweza kukiona, maana kilikuwa nyuma ya bega lake.

"Ni mkanda!" nikasema. Hakuna kitu. "Ni mkanda wa begi lako!" Hakuna kitu. Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Injini ikaimeza sauti yangu. Nikamgonga bega. Akaninyooshea kiganja: subiri. Nikamgonga tena. Subiri! Mbele niliona rubani anaonyesha kisiwa cha Songo Songo, kile chenye visima vya gesi, ambako kuna uwanja mdogo. Walikuwa wanapanga kutua kwa dharura kwa sababu ya injini isiyo na kosa lolote, na mtu pekee ndani ya ndege ile aliyejua ukweli alikuwa mimi, niliyekuwa bubu.

Nikatoa daftari langu la matumizi ya nyumbani. Kwenye ukurasa wa mchele na mafuta ya kula nikaandika kwa herufi kubwa: MKANDA WA BEGI LAKO UKO NJE YA MLANGO. Nikamwekea mbele ya macho kwa nguvu, karibu nimpofue.

Akasoma. Akamwonyesha rubani. Rubani akapunguza mwendo, na kishindo nacho kikapungua. Hakuna aliyegusa mlango. Kitu kama kile kinaachwa mpaka ndege itue. Kisha nikaona mkono wa rubani unakwenda kwenye kijiswichi kimoja kidogo katikati ya dashibodi, akakisukuma. Ghafla masikio yangu yakajaa sauti.

"Shemeji," sauti ikasema, taratibu, "samahani sana. Nilikufungia nje."

Wote, wawili, mmoja

Tulitua Masoko salama. Kilwa haina mnara wa kuongozea ndege. Rubani anatangaza kwenye redio kuwa anakuja, kwa yeyote aliyeko karibu, kisha anatumia macho yake. Ubavuni mwa ndege rangi ilikuwa imechubuka mahali pakubwa kama kiganja.

Jioni, mbele ya wali wa nazi na pweza wa mchuzi, rubani alinieleza kile kijiswichi. Intakomu nyingi za ndege za viti vinne zina nafasi tatu. Ya kwanza ni ya wote: kila mtu anasikia na kusikika. Ya pili ni ya wawili wa mbele: wao na redio upande wao, walio nyuma waongee wenyewe. Ya tatu ni ya rubani peke yake na redio, abiria wabaki na stori zao. Tulipokuwa tunatoka Dar waongozaji wana kazi nyingi, na mimi nilikuwa napiga domo, akahofia kupitwa na maelekezo. Akasukuma kwenye wawili wa mbele. Alikuwa na haki kabisa. Kosa lake lilikuwa moja: alisahau kurudisha.

"Na mlikuwa mnacheka nini pale mtoni?" nikauliza.

Ilikuwa hadithi ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya delta ile wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili zenye mizinga, Severn na Mersey, lakini walio melini hawakuiona shabaha yao kwa ajili ya mikoko. Macho yao yalikuwa ndege ndogo zilizoruka kutoka Mafia. Tarehe 11 Julai walikuwa juu watu wawili, Cull akiendesha na Arnold akitazama, akituma kwa ishara za redio: mbali mno, karibu mno, kushoto. Redio ya sauti haikuwemo. Ni nukta na vistari. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa, wakaanza kushuka. Arnold hakuacha kutuma masahihisho wakati ndege inaanguka. Waliangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili, na Königsberg ikawa imekwisha.

Meza ikanyamaza kidogo. Mume wangu alikuwa anachezea mfupa wa samaki. "Aliyekuwa anaona ndiye aliyekuwa anaongea," akasema, kama anajisemea.

Mimi nikala pweza wangu. Kuna wakati mwanamke anatakiwa kula tu.

Mtu wa omo

Asubuhi tulichukua kibali Masoko kisha tukapanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Ni mwendo mfupi, kisiwa unakiona kwa macho, na ile ngome wanayoiita Gereza inakusubiri ufukweni. Ndiyo Kilwa ile ambayo Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuisifu. Utaona Msikiti Mkuu na kuba zake, utatembea mpaka Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya jabali karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane lililokuwa linatazama baharini. UNESCO waliiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 wakaiingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 ikatolewa huko baada ya kazi ya ukarabati. Wapenzi, kama mna siku moja tu, nendeni Husuni Kubwa jioni mkiwa wawili. Sisemi zaidi.

Lakini kilichonishika siku ile kilikuwa ndani ya mashua. Maji yalikuwa yamekupwa. Nahodha, mzee wa makamo, amekaa tezi na usukani. Kijana mmoja amesimama omo, anatazama chini majini. Kila mara anasema neno moja: "Kulia." "Kulia kidogo." "Shika hapohapo." Na mzee anageuza, bila kuuliza kwa nini, bila kusema subiri.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona unamsikiliza sana huyu kijana?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi hapa naona migongo yenu. Yeye ndiye anayeliona jiwe."

Nikamtazama mume wangu. Hakunitazama. Lakini masikio yalikuwa mekundu, na haikuwa jua.

Wazee walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli. Kijana wa omo hakutaka usukani. Alitaka sauti yake ifike tezi, basi.

Orodha mpya

Usiku ule, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, baba watoto alitoa ile orodha mfukoni. Akaikunjua, akanipa kalamu. "Haya, tuanze upya. Wewe uliza, mimi nijibu."

Nikauliza yote ambayo miaka yote nilijifanya hayanihusu, na nakupa wewe msomaji kama nilivyoelewa.

Redio ya ndege ni VHF, masafa kuanzia 118 hadi karibu 137, megahezi. Inasafiri kama macho yanavyotazama: upeo wa dunia ukikuzuia, na redio imezuiwa. Ukiwa futi 5,000 juu, kituo kilicho chini utakipata umbali wa kilomita 160 hivi. Ukishuka futi 1,000, ni kilomita 70 hivi tu. Dar mpaka Kilwa kwa njia ya anga ni zaidi ya kilomita 200. Maana yake kununua redio yenye nguvu kubwa mno hakukupi Dar ukiwa chini Kilwa; kinachokupa ni urefu. Redio ya wati 6 iliyofungwa vizuri inashinda ya wati 10 iliyofungwa ovyo.

Na kufungwa vizuri kunaanzia kwenye antena, kile kijiti cha sentimita kama 60. Bati la ndege yetu linaisaidia antena kufanya kazi. Ndege ya faiba inabidi itengenezewe sahani ya chuma chini ya antena, na faiba ya kaboni ndo kabisa, inaziba mawimbi, antena haifichwi ndani yake.

Nikauliza, "Nikiwa juu ya Songo Songo na injini imezima, naweza kuwaita wale wavuvi?" Hapana. Meli na boti zenye redio zinasikiliza chaneli 16, megahezi 156.8, na mfumo wenyewe ni tofauti. Rubani na nahodha wanaweza kuonana uso kwa uso wasisikizane. Ndege yenye shida inaita kwenye 121.5. Na kile kisanduku kinachotuma ishara ndege ikianguka, lazima kiwe cha megahezi 406, kwa sababu satelaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 1, 2009. Ukiuziwa cha zamani kwa bei ya kutupa, jua unanunua pambo.

Tukafika kwenye intakomu. Hapo kalamu niliishika mimi.

Kwanza, kila maiki iwe na kizuizi chake cha makelele, ili kimya changu kisifunguke kwa upepo wa upande wake, wala neno langu la kwanza lisikatwe. Pili, umeme wa intakomu ukifa, rubani abaki ameunganishwa moja kwa moja na redio. Nzuri zinafanya hivyo zenyewe. Tatu, swichi ya kumtenga abiria iwe mahali ambapo wote wawili tunaiona, na taa yake iwake ikiwa imetenga. Nne, kitufe cha kuongelea na redio kiwe na upande wangu pia. Akiishiwa nguvu angani, Mungu apishie mbali, nitamwita nani kama sina kitufe?

Akaniangalia. "Hilo sikulifikiria."

"Najua."

Ziko redio zinazokuja na intakomu ndani yake, kisanduku kimoja. Nyaya zinapungua, uzito unapungua, na kwa ndege ya viti viwili inatosha. Ubaya ni kwamba kikifa vimekufa vyote. Tukakubaliana tuchukue hicho, na pembeni tuweke redio ya mkononi yenye betri yake na waya wa kuchomeka hedseti, maana kusikiliza spika ndogo karibu na injini ni kujidanganya.

Rubani, aliyekuwa anatusikiliza kwa mbali na kahawa yake, akadakia, "Na nyaya, shemeji! Matatizo mengi ya sauti si redio, ni nyaya." Soketi za hedseti zitenganishwe na bati kwa washa za plastiki; waya za ardhi za vyombo vya sauti zote zikutane sehemu moja. La sivyo utasikia mluzi masikioni unaopanda na kushuka na injini, ni alternata hiyo, na utaisikia safari nzima. Na kwa pwani yetu hii ya chumvi, soketi zikaguliwe na kusafishwa mara kwa mara.

Ikabaki hedseti. Baba watoto akafuta "ile ya zamani" mwenyewe. Akaandika: mbili, zinazofanana. Kisha akaenda juu, kwenye skrini mbili kubwa, akakata moja.

Sikusema kitu. Lakini nilijua ile skrini alivyokuwa anaiota. Alikuwa ameweka picha yake kwenye simu, mahali ambapo zamani ilikuwa picha yangu.

Kurudi

Kesho yake rubani alikaa nyuma kidogo kabla ya kuondoka, akakagua milango, akatuonyesha mikanda yote iko ndani. Kisha akaniambia nikae mbele. Mume wangu akaenda nyuma na mabegi, bila neno.

Tulipopita juu ya Songo Songo waongozaji hawakuwa na kazi nasi bado. Chini kulikuwa na ngalawa mbili na matanga yake meupe. Kijiswichi kilikuwa kwenye wote. Nikasikia mtu anakohoa masikioni mwangu, kisha sauti ninayoijua.

"Mama watoto."

"Naam."

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

Kimya kidogo. Injini tu.

"Huku nyuma," akasema, "mtu anakuwa mpweke kweli."

Mkisafiri na ndege ndogo, kumbukeni haya

* Kabla ya kupaa jaribuni hedseti wote, mmoja mmoja. Maiki iguse karibu mdomo wa juu. Ikiwa mbali hutasikika.
* Mwulize rubani swichi ya intakomu iko wapi na akikutenga atakuashiria vipi.
* Rubani akiinua mkono anaongea na waongozaji, nyamazeni. Lakini ukiona kitu cha hatari, sema mara moja au mguse.
* Mikanda, kamba za mabegi na ncha za kanga zote ziwe ndani kabla mlango haujafungwa.
* Beba daftari na kalamu. Usicheke. Yangu naitunza mpaka leo, na ukurasa wa mchele haujachanwa.
* Kama mwenzio naye anajenga ndege, azungumze na TCAA kuhusu ndege na TCRA kuhusu masafa ya redio kabla hajanunua chochote. Na wewe omba kuiona orodha.